Gauni la Shangazi Qamara

Nangwa, Hanang,
kwa Shangazi Qamara.
Jumapili, baada ya kutoka kanisani.

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa kwenye kigoda chako karibu na mlango unaota jua, na Evaline yuko pembeni anakusomea, kwa kuwa macho yako siku hizi hayataki herufi. Habari za presha? Dawa unameza, au bado unazitunza kwenye kopo kama mbegu? Yule ng'ombe wa pembe moja ameshazaa? Sisi huku hatujambo. Hilary mume wangu anakusalimu, yuko safarini na lori la vitunguu. Mimi sijambo, shangazi hajambo, na hata yule uliyesema nisimlete hajambo. Jana alikula ugali na mtindi, akaomba tena.

Evaline, mdogo wangu, bibi harusi wetu, marahaba. Nakuomba jambo moja kabla hujaendelea. Msomee mama barua hii yote, kwa sauti, usiruke mstari. Utafika mahali utatamani kuruka. Usiruke. Ningeweza kupiga simu, lakini mama akisikia neno asilolipenda anasema mtandao unasumbua, na mtandao wa Nambis haujawahi kusumbua mtu anapotaja harusi. Barua haikatiki.

Kwenye furushi alilokuletea kondakta mna sare zote za sendofu ya kumuaga Evaline mlizoniagiza. Kitenge ni kizuri, hakichuji, nimekifua kipande nikahakikisha. Za akina mama wa jumuiya nimeziandikia majina kwa chaki ndani ya shingo, zisije zikagombaniwa. Lako mama liko juu kabisa, limekunjwa peke yake.

Jumanne ulinipigia ukasema sendofu imekaribia, wakwe wanatoka Karatu, ni watu wa heshima, na mtoto wangu ana tundu tumboni. Ukataja harufu. Ukasema Hhando mwenyewe hana kosa, lakini watu wa bwana harusi Herman wakimwona wataanza kuulizana, na nyumba inayoulizwauliza haitoi bibi harusi. Ukaniambia nimwache huku kwa huyo mama, maana jina la wifi yako hukulitamka, na watu wakiniuliza niseme yuko Moshi anatibiwa. Halafu hapohapo ukaniuliza kama zipu ya gauni lako nimeiweka nyuma au ubavuni. Nimeiweka ubavuni. Kuhusu mtoto, jibu langu ni refu kidogo, ndiyo maana nimechukua karatasi.

Nianzie pale ulipokuwepo mwenyewe. Hhando alizaliwa nikiwa kwako, nimekuja kulelewa uzazi kama desturi. Siku ya kwanza hakupata choo, ya pili hakupata, ya tatu ukachonga kipande cha sabuni ukamwekea nyuma. Choo kikatoka kwa kishindo, cheusi, na upepo mwingi, ukacheka ukasema huyu ni dume. Nilikuuliza kama ni kawaida. Ulinijibu kwamba wavulana wa kwetu ni wazito wa choo, nisihangaike, sabuni ipo. Nikaamini, kwa sababu wewe ni mama yangu, na kwa sababu ulisema huku unanikandia maji ya moto, na mtu anayekukanda hivyo humfikirii vibaya.

Tumbo likaanza kujaa. Nilirudi Dongobesh kwenye cherehani yangu, nikawa nashona huku nimemlaza mtoto kwenye boksi la nyuzi, na kila baada ya siku kadhaa nachonga sabuni. Unakumbuka ile siku ya lishe ya kijiji, nilipokuja kukusalimia ukatuvuta tukapime? Walimtundika kwenye mzani, mshale ukapanda, muuguzi akashangilia. Akamnyanyua mbele ya akina mama akasema tazameni mtoto aliyeshiba. Ukapewa beseni la bluu, ukalishika kichwani ukapiga vigelegele mpaka nyumbani. Samahani kwa lugha, mama, lakini kilichopimwa siku ile kilikuwa kinyesi. Mikono yake ilikuwa kama njiti za kiberiti, ila mikono hakuna aliyeitazama. Beseni nasikia unafulia mpaka leo.

Alipoanza kutapika kijani nilimpeleka hospitali. Daktari alikuwa kijana mpole, anatoka Kigoma, alimpapasa tumbo muda mrefu. Kisha akauliza kama kuna mtoto yeyote katika ukoo wetu aliyewahi kufa tumbo limevimba hivi, upande wa baba au wa mama. Alisema jibu hilo ni muhimu, lingemsaidia kujua amkimbize mtoto kwenye vipimo vikubwa au ajaribu dawa kwanza. Upande wa Hilary nilikuwa na uhakika hakuna. Upande wetu nikakupigia, nikaweka simu wazi ili daktari asikie mwenyewe. Nikakuuliza kuhusu kaka zako na wadogo zako, kama yupo aliyewahi kufa hivyo. Ulisema hapana. Ukaapa. Ukasema kwenu ni watu safi, watoto wako wawili waliokufa waliharibiwa na mikono ya mtu, na mtu huyo yuko Nangwa. Na mimi, niliyekuzwa na habari hiyo, sikuongeza neno. Daktari alitikisa kichwa kwa heshima, akatuandikia dawa ya kulainisha choo, akaniambia nimpe maji mengi na papai.

Nikampa papai. Kila papai lililofika sokoni Dongobesh nilikuwa wa kwanza kulishika. Yaani nilikuwa namwaga chakula ndani ya mtoto asiye na pa kukitolea, na kila mtu ananisifia kwamba najitahidi. Ngozi ya tumbo ikang'aa ukaona mishipa. Akapata homa, choo kikawa kinatoka kama maji yaliyooza, na macho yakaanza kuzama. Nikakuletea Nambis nikiwa silali wala sili. Na wewe hukusema hospitali. Ulisema nimpeleke Nangwa, nimwambie aliyeleta uchafu aje auondoe, anawe mikono, na maji aliyonawia nimwogeshee mtoto.

Evaline, wewe ulizaliwa mambo yameshapoa, kwa hiyo nikueleze kama nilivyoelezwa mimi. Shangazi Qamara ni dada yake baba, tumbo moja. Mama alipokuwa na mimba yake ya kwanza, shangazi alikuwa ametoka kufiwa na mtoto anayenyonya. Kwa mila za wazee wetu, mama aliyefiwa hivyo anakaa kwake peke yake mpaka asafishwe. Haingii boma la mtu, hachoti maji na wenzake, na zaidi ya yote hashiki mtoto wa mwenzake. Kanisa lilikuwepo, lakini mwiko huo ulikuwa na nguvu kuliko mahubiri. Siku uchungu ulipomshika mama, wanaume walikuwa mnadani, mvua ilikuwa kubwa, na shangazi alimsikia mama analia ng'ambo ya korongo. Akavuka. Akampokea mtoto, akamfunga kitovu, akamfuta, akamweka kifuani kwa mama. Bila yeye mama angekufa siku ile, na hilo mama mwenyewe hajawahi kulikana. Mtoto alikuwa wa kiume, mama akamwita Joakimu. Choo hakikutoka. Tumbo lilijaa, likang'aa, akafa kabla ya kupelekwa kubatizwa, na mama akanyoosha kidole.

Mumewe shangazi alimfukuza wiki ileile. Baba yetu, kaka yake wa damu, ndiye aliyembebea mzigo mpaka barabarani, akamwonyesha upande wa Hanang na akageuka. Alipozaliwa mtoto wa pili, wa kiume tena, akafa vilevile, na shangazi hayupo, wewe mama na baba mlisema aliacha uchafu wake ndani ya kuta. Mkabomoa nyumba mkajenga nyingine pembeni. Sisi wasichana tulipona, mkasema ni kwa sababu ya nyumba mpya. Nimekua najua kwamba nina shangazi mwenye mikono mibaya, na nikiwa mkaidi ulikuwa unanitisha naye.

Basi nikaenda. Nimefunga ndoa kanisani, nimemaliza kidato cha nne, na bado nilipanda basi la Dareda, kisha la Katesh, na mtoto anakoroma mgongoni, kwenda kuomba maji ya kunawia. Mtoto akiwa anakufia mgongoni unakwenda popote unapoambiwa na mama yako.

Shangazi hakunifungulia mlango. Alisema nami kupitia dirishani, akanihimiza nirudi nyuma mpaka kwenye uzio, nisimsogeze mtoto karibu naye. Nikampa ujumbe wako. Alinijibu kwamba kunawa atanawa, na hata kama ni kukatwa mikono yuko tayari, lakini hajui kinavyoondolewa kwa sababu hakuwahi kujua alikiwekaje. Mama, yule mtu aliamini. Nilidhani nitamkuta mchawi anayejidai, au mtu mwenye hasira. Nikamkuta mama mtu mzima ambaye tangu ahamie Nangwa hajashika mtoto wa mtu yeyote. Ubatizo wa majirani haendi. Akikutana na mwanamke mwenye mtoto njiani anashuka pembeni ya barabara mpaka apite. Watu wa hapa wanadhani anaringa.

Hhando akalia, shuka likateleza, na shangazi akaona tumbo. Akasema tumbo kama lile alishaliona, kabla hajagusa mtoto wako yeyote. Aliliona kwenu, alipofuatana na wazee kupeleka posa yako. Kulikuwa na mtoto wa kiume amelala karibu na jiko, miguu myembamba, tumbo limetangulia mbele. Wageni waliambiwa amekula viazi vibichi. Alilisema hilo kama mtu anayekumbuka tu mvua ya mwaka fulani, hakuunganisha chochote. Kisha akaniambia mambo ya kunawa niyaache, mtoto anakufa, twende hospitali kubwa. Akatoka kwa mlango wa nyuma. Mpaka kwenye kituo cha basi alitembea nyuma yangu, mbali, amebeba begi langu, na tulipopanda alikwenda kukaa kiti cha mwisho peke yake.

Huko hospitali walituuliza swali lilelile. Safari hii shangazi alikuwa amesimama mlangoni, na akajibu yeye. Alimtaja yule mtoto wa jikoni, akawataja na watoto wako wawili, huku anasema ni yeye aliyewaua. Daktari, mama wa makamo, aliacha kuandika akamtazama. Hakupoteza muda tena. Walichukua kinyama kidogo ndani ya njia ya haja ya Hhando, wakakipima kwa darubini, na siku walipotuita alitueleza polepole mpaka nikaelewa.

Nikueleze na wewe, na Evaline asikilize vizuri hapa. Utumbo una neva ndani ya ukuta wake, ndizo zinazosukuma choo kiende mbele. Mtoto akiwa bado tumboni, neva hizo zinasafiri kutoka juu kwenda chini, na kwa watoto wengine haziwahi kufika mwisho. Kipande cha chini kinabaki bila neva. Kinabana, hakilegei, na kila kitu kinajazana juu yake mpaka utumbo unaoza na sumu inaingia kwenye damu. Sabuni inafungua kwa muda tu. Dawa ya kulainisha haisaidii, kwa sababu tatizo si choo kuwa kigumu. Kipande kile kinakatwa, na utumbo mzima unavutwa chini unaunganishwa, kama ninavyokata mkono wa gauni ulioungua pasi nikaunga kitambaa kizima. Kwa kuwa Hhando alikuwa na hali mbaya, walimtoboa kwanza tundu ubavuni ili choo kitokee pale, apone, aongeze mwili. Akiwa na nguvu watamwita wamuunge. Hakuna mkono wa mtu ulioingia hapo. Daktari alisema inaweza kutembea ndani ya damu ya ukoo, mara nyingi inawashika wavulana, na mwanamke anaweza kuibeba akampa mwanae bila yeye mwenyewe kuumwa hata siku moja. Alisema pia, na aliyasema kwa uchungu, kwamba kama angeambiwa mapema historia ya ukoo, mtoto asingefika pale alipofika.

Nilirudi Nambis na mtoto aliyepona na kimfuko ubavuni. Nilifikiri utafurahi. Ulimtandikia mkeka stoo, upande wa mbuzi, ukampa sahani yake peke yake. Ukawa unamnyima uji asubuhi ili asichafue wageni. Siku ile wazee wa Herman walipokuja kwa ajili ya posa, nilikuwa nimekwenda kisimani. Nikamkuta umemfunga tumbo kwa kanga, umekaza fundo mgongoni, umemvalisha sweta juu, na nyama ya lile tundu imekuwa nyeusi. Alikuwa halii tena. Nilifungua, nikamfunga mgongoni, nikaondoka wageni wako wakiwa wanakunywa chai. Hukutoka kunifuata. Ulimwambia Evaline aseme nimeitwa kazini.

Nikaja hapa. Hilary alikuwa safarini, Dongobesh ningekuwa peke yangu na mtoto mwenye kidonda, sikuwa na mahali pengine. Shangazi alitupa chumba chake, yeye akahamia jikoni. Alitupikia, alituchotea maji, lakini mtoto hakumgusa. Alikuwa anaweka uji chini, anarudi nyuma, ndipo mtoto anaufuata. Nilimweleza tena maneno ya daktari, akaitikia ndiyo, ndiyo, na mikono anaificha ndani ya shuka. Mwisho Hhando mwenyewe ndiye aliyechoka. Shangazi alikuwa amekaa anapukuchua mahindi, mtoto akamwendea, akageuka, akamkalia mapajani kama mtu anayekalia kiti chake. Shangazi aliinua mikono yote juu kama aliyeshikiwa bunduki. Alikaa hivyo, mama, mahindi yanadondoka, machozi yanadondoka, mpaka mikono ikachoka ikashuka yenyewe juu ya mtoto. Siku hizi hamwachii. Mimi mwenyewe kumbeba mwanangu naomba ruhusa.

Sasa nafika pale ambapo Evaline atataka kuruka.

Nilipokwenda Dongobesh kuchukua cherehani niilete huku, nilipita kwa mjomba Gidamis, mdogo wako. Yeye tangu tumbo la Hhando lianze kujaa alikuwa ameacha kabisa kupita barazani kwangu, na mimi nikadhani ni majivuno ya ng'ombe zake. Kumbe alikuwa hawezi kuangalia. Nilimuuliza kuhusu mtoto wa karibu na jiko. Alikataa, akazunguka, akasema nikuulize wewe. Nikamfunulia Hhando ubavuni nikamwambia atazame. Akakaa chini akasema yote.

Walikuwa wawili, kaka yako mmoja na mdogo wako mmoja. Wa kwanza hakumaliza mwezi. Wa pili aliishi mpaka akaanza kung'oa meno, kwa sabuni na mizizi, na wewe ndiye uliyekuwa unambeba mgongoni, kwa sababu tumbo lilikuwa linamzuia kutembea. Alikuwa halali bila wewe. Mjomba anasema ulikuwa unamkanda tumbo huku unamwimbia, na hukuwa mtoto mdogo, ulikuwa msichana aliyeshaposwa. Alikufa wiki ya harusi yako. Nyumba yenye msiba haitoi bibi harusi, kwa hiyo mlimzika asubuhi na mapema nyuma ya zizi, bila padre na bila jirani, ndani ya kanga yako wewe, na mchana ukapakwa mafuta ukatoka na wacheza ngoma. Babu aliwaapisha wote. Na jina lake, mjomba alipolitaja, nilidhani nimesikia vibaya. Jina lake lilikuwa Joakimu.

Kwa hiyo mama, ulimpa mwanao wa kwanza jina la mdogo wako uliyemzika kwa siri. Tumbo lake lilipojaa ulilijua lile tumbo. Ulilijua kuliko mtu yeyote katika Nambis nzima, ulishalibeba mgongoni. Na shangazi alipokuwa amepiga magoti anakuomba msamaha kwa kuvuka korongo, ulimtazama, ukanyamaza, na ukakubali akuombe. Alipokufa wa pili ulijua. Nilipozaa wa kiume ulichonga sabuni kabla sijakwambia kitu. Daktari alipouliza kwenye simu, uliapa. Na ule ujumbe wa maji ya kunawia ulinituma nao kwa mdomo mkavu, mtoto wangu anakufa, ukijua kwamba hakuna cha kunawa.

Najua ulikuwa unaogopa. Ulizika mdogo wako asubuhi ukacheza mchana, na hilo ningekulilia kama ungewahi kuniambia. Kukulilia nimejaribu. Halafu nakumbuka lile fundo la kanga mgongoni kwa Hhando, machozi yanakauka.

Sasa sikiliza anachosema wifi yako. Anasema wewe Lucia wakati ule ulikuwa mdogo, hukuelewa. Anasema kwamba ungejua ungesema. Anasema anakuonea huruma kuzika watoto wawili bila kujua kilichowaua, na kwamba amekusamehe tangu daktari alipotueleza. Kila jioni katika sala anakutaja kabla ya kujitaja yeye. Mimi nakaa pale nimefumba macho nasikiliza.

Sijamwambia. Hajui habari ya Joakimu wa kwanza kubebwa na wewe, hajui kanga, hajui nyuma ya zizi. Mdomo umenijaa, lakini hayo si yangu kusema. Ni yako.

Evaline, pole mdogo wangu, hii ndiyo ngumu yako. Damu hii unayo pengine, na mimi ninayo. Si sababu ya kukosa mume. Ni sababu ya kusema. Ukizaa, awe wa kiume awe wa kike, choo cheusi cha kwanza kisipotoka siku ya kwanza, ya pili usiilale nyumbani, na usimkabidhi mtu yeyote mwenye kisu na kipande cha sabuni. Wataje akina Joakimu, wote wawili, mbele ya daktari. Herman mwambie mwenyewe, kabla ya ukumbi. Akikimbia kwa sababu ya hilo, shukuru amekimbia mapema.

Kuhusu sendofu, mama, kitenge kilibaki. Hhando nimemshonea mkanda wa kushikilia mfuko wake, na shati. Shangazi nimemshonea gauni, mshono uleule wa lako, shingo ileile, zipu ubavuni. Tutakuja watatu, na tutaingia upande wa ndugu wa bibi harusi. Wakwe watauliza yule mama aliyembeba mtoto ni nani, na utajibu wewe. Kabla ya kuwajibu wao utakuwa umemweleza yeye, uso kwa uso, popote utakapochagua, jikoni au nyuma ya zizi. Ukishindwa, nitaomba kipaza sauti. Unanijua mimi sina haya.

Nisalimie jumuiya yote, nisalimie katekista, na yule ng'ombe akizaa jike mwiteni jina zuri. Beseni la bluu lisuuze vizuri uliweke juani, tutamwogeshea Hhando tukifika. Mungu akulinde, presha isipande.

Ni mimi mwanao,
Severina.

Nimesahau. Lijaribu gauni leoleo, kama linabana nimeacha kitambaa cha kuongeza ndani. La shangazi lilimkaa mara moja. Alisimama nalo mbele ya kioo changu kidogo, akashika mikono ya gauni, akaniuliza kama ni kweli kwamba Lucia mwenyewe ndiye aliyesema ashonewe sare ya familia. Nikamjibu ndiyo, ni mama aliyeniagiza. Hajalivua mpaka sasa.